Tamathali za usemi katika Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaokutana na Kiingereza kikiwa lugha ya tatu au ya nne: wanafunzi wa humanite (sekondari ya juu) wanaojiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wanafunzi wa vyuo vikuu, na wakalimani wa mikutano. Wengi wao wamezisikia tamathali za Kiswahili tangu utotoni, na za Kifaransa wamezisoma darasani. Kinachowasumbua ni kuzitambua zinapokuja kwa Kiingereza, tena bila onyo.

Nitajuaje kwamba sentensi ina tamathali?

Jiulize kwanza: je, jambo hili linaweza kutokea kweli kama lilivyosemwa, neno kwa neno? Chukua sentensi "The lava reached the airport." Mnamo Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi mjini na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Hapo hakuna tamathali. Ni habari tu. Sasa soma "The lava swallowed the houses." Kumeza ni kazi ya kinywa na koo, na lava haina kinywa wala koo. Kitenzi cha kiumbe hai kimepewa mawe yaliyoyeyuka. Tamathali iko kwenye neno "swallowed", si kwenye sentensi nzima.

Kulinyooshea kidole neno lenyewe ni bora kuliko kukimbilia jina la tamathali. Mwanafunzi aliyeona kwamba "swallowed" ndilo neno lililohama kutoka mahali pake atafika kwenye jina, hata kama amelisahau kidogo. Aliyekariri majina bila kuona neno hukwama mara mwalimu anapobadilisha mfano.

Kipimo hiki kina udhaifu. Zipo sentensi zinazoweza kuwa kweli kwa njia zote mbili. "He is in hot water" inaweza kumhusu mtu anayeoga au mtu aliyeingia matatani. "She is on fire" katika habari ya ajali ni janga. Katika habari ya mpira wa kikapu ni sifa kwa mchezaji anayefunga kila anaporusha. Hapo soma sentensi moja nyuma na moja mbele kabla ya kuamua.

Kuna utaratibu wa kufuata wakati wa mtihani?

Upo. Anza na kitenzi kikuu na mtendaji wake: je, mtendaji huyu ana uwezo wa kufanya tendo hili? Kisha angalia sifa: je, sifa hii hupewa kitu cha namna hii? Ukiona kitu hakikai sawa, andika pembeni mambo matatu: kinachozungumziwa, kinachofananishwa nacho, na kile kinachoviunganisha. Kwa "Her voice was honey" utaandika sauti, asali, ulaini na utamu. Ukishindwa kujaza nafasi ya tatu, bado hujaielewa sentensi, hata kama umeshapata jina la tamathali.

Baada ya hapo iandike upya kwa maneno ya kawaida, "Her voice was soft and pleasant", na uirudishe ndani ya aya. Aya ikiendelea kuleta maana, umepatia.

Katika maswali ya kuchagua jibu, mtego wa kawaida ni jibu linalochukua maneno kama yalivyo. Kifungu kinasema "The news broke his heart", na jibu mojawapo linasema mtu huyo alikuwa na ugonjwa wa moyo. Lifute hilo kwanza, kisha pima yaliyobaki.

Angalia pia neno "phrase" katika maagizo. Kwa Kifaransa phrase ni sentensi nzima. Kwa Kiingereza ni fungu la maneno tu, na sentensi huitwa "sentence". Ukiambiwa "Find the phrase which shows that he was angry", usinakili sentensi nzima. Alama nyingi hupotea hapa kwa watu waliokuwa wameelewa kila kitu.

Kila penye "like" au "as" pana tashbihi?

Hapana, na hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kuliko yote. Walimu hufundisha kwamba tashbihi, yaani kufananisha vitu viwili kwa neno la kulinganisha, ile ambayo Kifaransa huiita comparaison, hutambuliwa kwa "like" na "as". Ni kweli, lakini maneno haya mawili yana kazi nyingine nyingi.

"Like" inaweza kuwa kitenzi cha kupenda: "I like sombe." Inaweza kutanguliza mifano: "fish like tilapia and sambaza". Inaweza kuonyesha dalili: "It looks like rain." Vijana wanaozungumza Kiingereza hulichomeka pia katikati ya maneno ili kupumua, bila maana yoyote. Katika matumizi haya yote hakuna tashbihi.

"As" nayo hutaja kazi au cheo: "She works as a nurse" inamaanisha ni muuguzi kweli, hafananishwi na muuguzi. Linganisha na "She works like a nurse", yaani anafanya kazi kama muuguzi ingawa siye. Wanaofikiri kwa Kifaransa huteleza hapa kwa sababu comme hubeba kazi zote mbili. Kisha kuna viunganishi: "as soon as", "as long as", "as well as". Hivi si vya kulinganisha kitu na kitu kingine katika maana ya tamathali.

Hata palipo na ulinganisho wa kweli, tashbihi inataka vitu vya aina tofauti. "Amani is as tall as his brother" ni kipimo cha urefu. Unaweza kuchukua futi na kuhakikisha. "Amani is as tall as a eucalyptus" ni tashbihi, kwa kuwa mtu na mkaratusi si jamii moja na hakuna anayekusudia kuwapima pamoja.

Upande wa pili, tashbihi hujificha pasipo maneno hayo mawili. "Louder than thunder" ni tashbihi. "He walked as if the road belonged to him" huhesabiwa humo pia, na vitenzi kama "resemble" vinaweza kuibeba.

Sitiari haina alama yoyote. Niitafute wapi?

Sitiari huita kitu kwa jina au tendo la kingine bila neno la kulinganisha. Itafute sehemu nne. Ya kwanza ndiyo inayofundishwa: jina moja linaambiwa ni jina jingine kwa kitenzi "is" au "was". "My grandmother is the pillar of this family." Hiyo ni rahisi, na Waswahili huisema hivyohivyo: bibi ni nguzo ya nyumba.

Ya pili ni kitenzi, na humo ndimo sitiari nyingi za magazeti zilimo. "Prices jumped." "The talks collapsed." "Fear gripped the town." Hakuna "is" wala "like", kwa hiyo msomaji mwenye haraka hupita bila kuona chochote. Ya tatu ni sifa: "a bitter quarrel", "a cold welcome", "a warm smile". Ugomvi hauonjwi kwa ulimi, na makaribisho hayapimwi kwa kipimajoto.

Ya nne ni muundo wa "of": "a river of people", "a wave of arrests", "a mountain of debt". Soma neno lililo baada ya "of" kwanza; ndilo jambo lenyewe. Neno lililotangulia ni picha. Mtu anayetafsiri kwa kufuata mpangilio wa maneno huishia kuandika habari za mto, wakati habari ilihusu umati wa watu barabarani.

Wakati mwingine picha moja huendelea sentensi kadhaa. Mwandishi akianza kuita biashara yake mtumbwi, kisha akataja mawimbi, kasia na ufuko, usihesabu sitiari nne. Ni moja iliyorefushwa, na Kiingereza huiita "extended metaphor". Ukiulizwa maana ya "wave" katika kifungu kama hicho, jibu litoke kwenye biashara: hasara, ushindani, kodi.

"The foot of the mountain" ni sitiari? Mlima hauna mguu.

Kwa asili ndiyo, lakini imezoeleka hadi wasemaji hawaoni tena picha ndani yake. "The leg of a table", "the mouth of a river", "the neck of a bottle", hata "mouse" ya kompyuta, zote zilianzia hapo. Wataalamu huziita sitiari zilizokufa. Katika mtihani, usiziandike ukiombwa tamathali, isipokuwa kifungu chenyewe kimezifufua. Mwandishi akisema Nyiragongo imeweka mguu wake juu ya Goma, mguu huo ni hai tena.

Usizidharau hata hivyo, kwa sababu zinaonyesha jinsi Kiingereza kinavyofikiri. Muda ni fedha katika vitenzi vyake: "spend time", "save time", "waste time". Mabishano ni vita: "attack an argument", "defend a position", "win a debate". Kuelewa ni kuona: "I see what you mean." Ukishika picha hizi kubwa, utaelewa semi ngeni nyingi bila kufungua kamusi.

Tashihisi ni nini, na kwa nini Kiingereza kinasema "she" kwa meli?

Tashihisi ni kukipa kitu kisicho mtu matendo au hisia za binadamu: "The wind whispered", "The lake was angry that night". Nyuma ya kitenzi au sifa kuna mtu.

Kuhusu "she", Kiingereza kina faida ambayo Kifaransa hakina. Kwa Kifaransa mwezi ni la lune na huitwa elle kila siku. Hiyo ni sarufi tu. Kwa Kiingereza vitu huitwa "it". Kwa hiyo ukikuta "The moon hid her face", neno "her" lenyewe ni ushahidi wa tashihisi, kabla hata hujafika kwenye "face". Meli na nchi zimeitwa "she" kwa desturi ya zamani, ambayo leo inapungua katika maandishi ya kawaida.

Nasi tuna jaribu letu. Kiswahili huweka wanyama katika ngeli ya A-WA, basi "mbwa amelala" haituonyeshi lolote la ajabu. Kwa Kiingereza, mnyama wa nyumbani mwenye jina huitwa "he" au "she" kwa sababu mwenyewe anamjua, na hiyo bado si tashihisi. Subiri mpaka aseme, apange njama au aone aibu.

Tashihisi na sitiari zote zinafaa. Nichague ipi?

Tashihisi ni aina ya sitiari. Penye majibu mawili yanayofaa, chagua lililo finyu zaidi. "Fear gripped the town": hofu imekuwa na mkono wa kushika, lakini kushika si kazi ya binadamu peke yake, basi sitiari inatosha na tashihisi haikosewi. "Fear knocked at every door and asked for names": hapo ni mtu kamili, andika tashihisi. Na "swallowed" ya lava? Kumeza ni kwa wanyama pia. Tungeandika sitiari.

Chuku inatofautianaje na uongo au na takwimu?

Kwa nia: chuku ni kutia chumvi bila kutaka kuaminiwa neno kwa neno. Anayesema "I've told you a million times" hatarajii uhesabu, nawe hutarajiwi kuamini. Vivyo hivyo "I'm starving" kabla ya chakula cha mchana, au "I could eat a horse".

Shida inakuja kwenye taarifa. "Thousands fled the city" baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 si chuku. Watu wengi mno walihama kweli, wengine kuelekea mji wa Sake, wengine kuvuka mpaka wa Rwanda. Lakini "the whole world was on the road to Sake" ni chuku. Na katika mji huu "starving" yaweza kuwa ukweli mtupu. Mkalimani akisikia "These families are starving", asilipunguze neno kwa kudhani ni mazoea ya mazungumzo. Aangalie ni nani anasema na ni mkutano gani.

Kwa nini naelewa kila neno la nahau lakini sielewi nahau yenyewe?

Kwa sababu maana haikujengwa kwa kujumlisha maneno. "Spill the beans" ni kutoa siri, maharage hayakusaidii. Nahau hujifunzwa nzima, kama neno moja refu.

Kifaransa hukusaidia mara nyingine. "Break the ice" ni briser la glace, na "The ball is in your court" iko karibu sana na la balle est dans votre camp. Mara nyingine maana hubaki lakini picha hubadilika: kitu ghali kwa Kiingereza hugharimu mkono na mguu, "cost an arm and a leg", na kwa Kifaransa hugharimu macho ya kichwa. Mwenye shughuli nyingine kwa Kiingereza ana samaki wengine wa kukaanga, "other fish to fry". Mfaransa ana paka wengine wa kuchapa. Usitafsiri nahau ya Kifaransa moja kwa moja ukidhani Mwingereza ataelewa. Andika katika daftari safu tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, na uache safu wazi pale usipopata inayolingana. Hiyo nafasi tupu ni bora kuliko nahau ya kubuni.

Nahau pia haivumilii kuguswa. "Kick the bucket" ni kufa. Ukisema "kick the buckets" au "the bucket was kicked", umerudi kwenye ndoo ya maji. Zaidi ya hayo, ni usemi wa utani. Usiuandike kamwe katika barua ya rambirambi. Hapo Kiingereza hutumia tasfida (neno la upole), "passed away", kama sisi tunavyosema fulani ameaga dunia.

Katika kamusi, anza kutafuta chini ya jina lililo ndani ya nahau, kisha chini ya kitenzi. Kamusi nyingi huweka nahau mwishoni mwa maelezo ya neno, na alama "fig." huonyesha maana ya kitamathali.

Mwingereza akisema kazi yangu ni "not bad", amenitukana?

La. Huko ni kupunguza makusudi, na mara nyingi anasifu. "Not bad at all" ni sifa nzuri kabisa. Vivyo hivyo "We have a bit of a problem" inaweza kumaanisha tatizo kubwa, na anayelitafsiri kuwa "tatizo dogo" atawapotosha wasikilizaji.

Kinaya huenda mbali zaidi: maneno husema kinyume cha kusudi. Mvua imeharibu sherehe, mtu anasema "Lovely weather!" Katika maandishi hakuna sauti ya kukusaidia, basi linganisha sifa na hali iliyoelezwa. Visipopatana, na mwandishi hajakosea, ni kinaya.

"Kinshasa and Kigali agreed": miji inakubaliana vipi?

Miji imesimama badala ya serikali zilizomo. Hii ni metonimia: jina la kitu kutumiwa kwa kingine kilicho karibu nacho. Ndivyo "Downing Street" inavyomaanisha ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza na "the White House" uongozi wa rais wa Marekani. Si tashihisi, ingawa inafanana nayo. Hakuna anayeuwaza mji ukiwa na mdomo. Jamaa yake ni sehemu kusimama badala ya kitu kizima: "ten mouths to feed" ni watu kumi.

Na tamathali za sauti?

Hizi ni nyepesi. Tanakali sauti huiga mlio: "buzz", "hiss", "sizzle". Jogoo wa Kiingereza huwika "cock-a-doodle-doo", usishangae. Takriri ya konsonanti mwanzoni mwa maneno, yaani "alliteration", hupimwa kwa sikio, si kwa herufi: "phone" na "fun" zinakubaliana, "knife" na "night" pia, lakini "city" na "cat" hazikubaliani. Soma kwa sauti.

Majina ya Kiingereza ya tamathali hutamkwaje?

Usiyatamke kwa Kifaransa. "Simile" ina silabi tatu, SI-mi-li. Ukiitamka kwa silabi moja tu watasikia neno la kutabasamu. "Hyperbole" ina nne, hai-PA-bo-li. "Irony" ni AI-ro-ni. "Idiom" ni I-di-om, na si idiome ya Kifaransa, ambayo ni lugha ya watu fulani; kwa Kiingereza ni nahau.

Mimi ni mkalimani. Nitafsiri picha au maana?

Maana, isipokuwa picha inaeleweka papo hapo kwa wasikilizaji. "We are not out of the woods yet" iwe "hatari bado haijaisha". "We will leave no stone unturned" iwe "tutachunguza kila mahali". Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya lava, kuahidi kugeuza kila jiwe kutawafanya watu waulize mawe gani.

Kuwa mwangalifu na tamathali zenye sura ya ahadi. "We will move mountains for you" ni kutia moyo, haina bajeti ndani yake. Ukiitafsiri kuwa "tutafanya kila kitu mnachohitaji", wazee wa mtaa watarudi wiki ijayo kudai, na watakuwa na haki. Sema "tutajitahidi sana". Usipokuwa na hakika kama msemaji ametoa ahadi au ametia moyo tu, msimamishe umuulize kabla hujafungua kinywa kwa Kiswahili.